Mtetemo Usiosikika: Historia ya Osileta katika Redio za Valvu

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana na ngeli, arudhi na mbinu za kufundishia. Katika toleo hili tunaomba ruhusa ya kuingia karakana ya fundi redio. Sababu tunayo. Kabla ya runinga, na muda mrefu kabla ya simu za mkononi, Kiswahili kilichosikika mbali na pwani kilisafiri kwa mawimbi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, redio ya hapa Uganda ilianza mwaka 1954, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza tarehe 27 Juni 1957. Redio zilizopokea matangazo hayo katika miaka hiyo zilikuwa za valvu: masanduku mazito ya mbao au ya bakelaiti, ambayo ndani yake mlikuwa na chupa ndogo za kioo zilizohitaji kupata joto kwanza kabla ya redio kusema neno.

Ndani ya karibu kila moja ya redio hizo palikuwa na saketi ndogo iliyozalisha wimbi lake yenyewe, wimbi ambalo msikilizaji hakulisikia kamwe. Saketi hiyo huitwa osileta. Ikifa, redio hubaki na dalili zote za uhai: taa ya kioo cha stesheni inawaka, valvu zina joto, spika inavuma kidogo, lakini hakuna stesheni hata moja. Kwa fundi hii ni hitilafu ya kuudhi, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoungua wala kilichokatika kinachoonekana kwa macho. Anayetafuta moshi hatauona.

Makala hii inaeleza saketi hiyo ilitoka wapi, kwa nini ilizua kesi iliyodumu karibu miaka ishirini, na jinsi historia hiyo inavyomfaa mtu mwenye redio bubu mezani pake hata leo. Jambo ambalo mtu mmoja alilisikia akaliona kero, mwingine alilielewa akalifanya chombo. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenganisha fundi anayebadilisha valvu kwa kubahatisha na fundi anayepima.

Tatizo la istilahi

Tuanze na neno lenyewe. Tungeweza kuliacha likiwa "osileta" tukaendelea, na kwa kweli tutaliacha hivyo, lakini mwalimu wa lugha hawezi kulipita bila kusimama kidogo. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyogombea kazi hii. Kipo kutetema, ambacho humkumbusha msikilizaji mtu mwenye homa au baridi. Kipo kuyumba, ambacho kinabeba lawama: kinachoyumba hakina msimamo. Halafu kipo kupembea. Katika maelezo ya mdomo mimi hukipenda hiki cha tatu, kwa sababu kinakuja na bembea yake.

Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma mara moja atakwenda na kurudi, kila safari ikiwa fupi kuliko iliyotangulia, mpaka asimame. Koili na kapasita zikiunganishwa hufanya hivyohivyo: umeme huenda na kurudi baina yao, kisha hufifia. Ili bembea isisimame lazima asukumwe tena na tena, na si wakati wowote, bali pale anapoanza kwenda mbele. Ukimsukuma anapokujia, unamsimamisha. Osileta ni bembea inayojisukuma: sehemu ya nguvu inayotoka upande wa pili wa valvu inarudishwa mwanzoni, kwa wakati wake, ili kusukuma tena. Kurudisha huko tutakuita mrejesho, neno ambalo walimu wanalijua vizuri kutoka madarasani.

Maneno mengine hayana ugomvi. Valvu ina waya au bomba dogo linalopashwa moto na kutoa elektroni, yaani kathodi. Ina bamba linalozipokea, yaani anodi. Na katikati ina gridi, wavu mwembamba ambao volti yake ndogo huamua elektroni ngapi zipite. Badiliko dogo kwenye gridi huzaa badiliko kubwa kwenye anodi. Hapo ndipo nguvu ya kusukuma bembea inapopatikana.

Waliousikia mlio

Gridi hiyo iliwekwa na Mmarekani Lee de Forest katika chombo alichokiita Audion, mwaka 1906. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, lakini mwenyewe hakuelewa vizuri ulivyofanya kazi. Aliamini kwamba mabaki ya gesi ndani ya chupa yalikuwa ya lazima, kumbe baadaye ilithibitika kwamba valvu hufanya kazi vizuri zaidi gesi inapoondolewa. Mwaka 1912, akiwa California, yeye na wasaidizi wake walikuwa wakijaribu kutumia Audion kukuza sauti za simu. Katika majaribio ya mwezi Agosti waliunganisha upande wa kutokea na upande wa kuingilia, na saketi ikapiga yowe. Waliliandika jambo hilo daftarini. Lakini wao walitafuta kikuza sauti kilicho kimya, hivyo yowe lile kwao lilikuwa kasoro ya kuondolewa, nao wakaendelea na shughuli zao.

Majira ya vuli ya mwaka huohuo, upande wa pili wa Marekani, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia aitwaye Edwin Howard Armstrong alikuwa akifanya majaribio nyumbani kwao, Yonkers, karibu na New York. Alikuwa hajatimiza miaka 22. Alirudisha sehemu ya mkondo wa anodi kwenye gridi, na stesheni za mbali, ambazo awali zilihitaji visikilizio na pumzi iliyobanwa, zikasikika chumba kizima. Alipozidisha mrejesho akagundua jambo la pili: ukivuka kiwango fulani, valvu huacha kupokea tu na kuanza kuzalisha mawimbi yake yenyewe. Kifaa cha kupokelea kilikuwa kimegeuka mtambo wa kurushia.

Alimwomba baba yake fedha za kuomba hataza. Baba akakataa mpaka kijana amalize masomo. Basi akafanya kile alichoweza: tarehe 31 Januari 1913 alichora saketi yake na kuithibitisha mbele ya mthibitishaji wa nyaraka. Ombi rasmi la hataza liliwasilishwa Oktoba 1913, na la pili, lililohusu uzalishaji wa mawimbi, likafuata Desemba. Mwezi au miezi kadhaa ni kitu kidogo katika maisha ya mtu, lakini katika sheria ya hataza inaweza kuwa kila kitu. Ujerumani, Alexander Meissner alikuwa tayari amefika palepale kwa njia yake na kuomba hataza mwaka huohuo 1913. Irving Langmuir wa Marekani naye alikuwa na madai yake. Na de Forest, alipoona thamani ya jambo lile, alikumbuka yowe la Agosti 1912.

Kilichomtofautisha Armstrong na wenzake hakikuwa tarehe. Desemba 1914 alichapisha makala iliyoeleza, kwa michoro ya vipimo, nini hasa kinatokea ndani ya Audion: gridi inafanya nini, anodi inafanya nini, na wapi nguvu inapokuzwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo hicho kuelezwa sawasawa, miaka minane baada ya kubuniwa, na mwelezaji hakuwa mbunifu.

Kesi ilizunguka kwenye mahakama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Armstrong alishinda kwanza. Kisha, kupitia njia nyingine ya rufaa, de Forest akashinda. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilimpa ushindi de Forest mwaka 1928, na ilipoletewa tena mwaka 1934, hukumu iliyoandikwa na Jaji Benjamin Cardozo ikathibitisha hivyohivyo.

Kwa watu wa lugha, kesi hii ina utamu wa pekee, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ilihusu maana ya neno. Je, yowe linalosikika kwa sikio ndani ya kikuza sauti cha simu na wimbi la redio lisilosikika, linalotetema mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, ni kitu kimoja? Kwa maana pana ya neno "mtetemo", ndiyo: vyote viwili ni bembea inayojisukuma. Majaji waliridhika na maana hiyo pana. Wahandisi wengi hawakuridhika. Kwao, kusikia yowe na kulizima si sawa na kujua namna ya kulizalisha kwa makusudi, kwa masafa unayoyataka, na kulipa kazi. Kwa maoni yangu wahandisi walikuwa na haki katika fizikia. Kama walikuwa na haki katika sheria, hilo tuwaachie wanasheria.

Armstrong alikuwa ametunukiwa nishani na Taasisi ya Wahandisi wa Redio mwaka 1917, akiwa wa kwanza kuipokea. Baada ya hukumu ya 1934 alikwenda kwenye mkutano wa taasisi hiyo Philadelphia akiwa tayari kuirudisha. Viongozi walikataa kuipokea na wakatangaza kwamba wanathibitisha sababu zilezile walizompa. Mahakama ilikuwa imesema lake, na wenye fani wakasema lao.

Redio inayojipa wimbi

Hadi hapa osileta ni mtambo wa kurushia mawimbi. Iliingiaje kwenye redio ya nyumbani, ambayo kazi yake ni kupokea tu?

Jibu linaanzia kwenye muziki. Piga nyuzi mbili za gambusi zilizokaribia kulingana sauti lakini bado hazijalingana. Utasikia sauti ya tatu, inayopanda na kushuka polepole, wau-wau-wau; kadiri nyuzi zinavyokaribiana ndivyo inavyopungua kasi, na zikilingana hutoweka. Kasi ya mpando na mshuko huo ni tofauti kati ya masafa ya nyuzi mbili. Mwaka 1901 Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alipendekeza kutumia kanuni hiyo katika redio, na akaipa jina alilolishona kutoka Kigiriki kwa maneno mawili yenye maana ya "nyingine" na "nguvu": heterodaini. Jina zuri, lakini wakati huo hapakuwa na kifaa rahisi cha kuzalisha ile nguvu nyingine.

Mwaka 1918 Armstrong alikuwa Paris, ofisa katika jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tatizo lilikuwa kwamba valvu za siku zile zilikuwa dhaifu sana kukuza mawimbi ya masafa ya juu. Badala ya kulazimisha valvu zipande, aliyashusha mawimbi. Ndani ya redio aliweka osileta inayozalisha wimbi jirani na lile linaloingia kutoka kwenye antena. Mawimbi mawili yakichanganywa huzaa tofauti yao, iliyo ya masafa ya chini, na tofauti hiyo hukuzwa kwa urahisi. Kwa kuwa masafa hayo ya kati yalikuwa bado juu ya uwezo wa sikio, kiambishi "supa" kikaongezwa, na redio ikaitwa supaheterodaini. Safari hii pia hakuwa peke yake: Mfaransa Lucien Lévy alikuwa ameomba hataza mwaka 1917, na baadhi ya madai ya Armstrong baadaye yalihamia kwake, Walter Schottky wa Ujerumani naye alifikia wazo hilohilo.

Kampuni ya RCA ilianza kuuza supaheterodaini za nyumbani mwaka 1924. Mwaka mmoja kabla, Armstrong alipomwoa Marion MacInnis, alimtengenezea zawadi ya harusi: supaheterodaini ya kubebwa mkononi. Ipo picha ya wawili hao ufukweni wakiwa na zawadi hiyo, sanduku ambalo leo tungelidhania ni la nguo.

Mfano wa tarakimu utatusaidia huko mbele. Tuseme unataka stesheni ya kilohezi 1,000. Redio nyingi za Kimarekani zilitumia masafa ya kati ya kilohezi 455. Ukizungusha kitufe mpaka 1,000, osileta hutetema kwa 1,455, na tofauti ni 455. Ukihamia stesheni ya 800, osileta huhamia 1,255, na tofauti bado ni 455. Kitufe kimoja huzungusha kapasita mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, bamba zake zikiingiliana kama vidole: moja kwa ajili ya antena, moja kwa ajili ya osileta. Kuanzia mwaka 1933 valvu zenye gridi tano ziliwezesha kazi zote mbili, kutetema na kuchanganya, kufanywa ndani ya chupa moja. Ulaya walipendelea valvu pacha, nusu ikitetema na nusu ikichanganya, kama ECH35 na baadaye ECH81, ambazo fundi yeyote wa umri mkubwa atazitambua kwa majina.

Sasa msomaji anaona kwa nini kifo cha osileta ni kifo cha redio nzima. Wimbi la 1,000 linaingia, halikuti mwenzake, hakuna tofauti inayozaliwa, na sehemu zote za mbele, ambazo ziko tayari kukuza 455 na si kitu kingine, zinakaa zikisubiri.

Mbele ya redio bubu

Fundi makini hamlaumu osileta mara moja. Kwanza huhakikisha kwamba upande wa sauti u hai: akigusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa kitufe cha sauti, spika hutoa mngurumo. Ukiusikia, spika na kikuza sauti ni wazima. (Hapa onyo: anodi za redio ya umeme wa ukutani hubeba volti 200 na zaidi, kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya kuzima, na baadhi ya redio zina fremu ya chuma iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Asiyefundishwa kazi hii asiweke mkono ndani.)

Kisha linakuja swali lenyewe: je, bembea inapembea? Hapa ndipo maarifa ya akina Armstrong yanaposhuka mpaka mezani. Osileta inapofanya kazi, gridi yake hupanda na kushuka pamoja na wimbi. Kila inapopanda juu ya kathodi hunasa elektroni kidogo. Elektroni hizo zina njia moja tu ya kurudi, nayo ni rezista yenye omu nyingi, kwa hiyo hukawia, na gridi hubaki na volti hasi. Mtetemo wenyewe huwezi kuuona wala kuusikia, lakini umeacha alama. Katika ECH81, kwa mfano, mkondo wa gridi wa kawaida ni kama mikroampea 200 kupitia rezista ya omu 47,000. Zidisha, unapata takriban volti 9.4 hasi. Ukikuta volti hasi za kiasi hicho, osileta ni mzima, katafute kwingine. Ukikuta sifuri, umempata mgonjwa.

Lakini pana mtego. Voltimita za zamani za bei nafuu zilikuwa na omu 1,000 kwa kila volti. Ukiiweka mita kama hiyo kwenye kipimo cha volti 10, unaunganisha omu 10,000 sambamba na zile 47,000, na osileta dhaifu lakini hai inaweza kusimama papo hapo. Daktari amemuua mgonjwa kwa kipimajoto. Mita za kidijiti za leo zina omu milioni 10 na hazileti shida hiyo, ingawa hata nazo ni busara kutanguliza rezista ya omu 100,000 kwenye ncha ya kupimia.

Fundi asiye na mita nzuri alikuwa na njia nyingine, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: redio ya jirani. Weka redio nzima kando ya ile bubu. Ile bubu iwe kwenye 1,000. Kwenye redio nzima tafuta polepole karibu na 1,455. Ikiwa osileta ya redio bubu inatetema, utasikia mluzi, au mvumo wa hewani utanyamaza ghafla kana kwamba stesheni isiyo na mtangazaji imeingia. Zungusha kitufe cha redio bubu, na mluzi nao utahama. Usiposikia kitu, osileta imekufa.

Njia hiyo inaweza hata kugeuzwa. Redio nzima ikiwekwa kwenye 1,000 huwa nayo inatetema 1,455 tumboni mwake. Ukichukua waya wenye ngozi ya plastiki, ukaukaribisha upande mmoja kwenye valvu ya osileta ya redio nzima na upande wa pili kwenye valvu ya kuchanganyia ya redio bubu, redio bubu inaweza kuanza kusema, kwa sauti dhaifu, stesheni ya 1,000. Imeazimwa bembea. Fundi akisikia hivyo anajua kwamba kila kitu kingine ni kizima.

Baada ya hapo anatafuta sababu. Valvu yenyewe kuchoka ni jambo la kawaida, na dalili yake ni ya kufundisha: redio husema upande mmoja wa kioo cha stesheni na kunyamaza upande wa pili. Katika mawimbi ya kati, mara nyingi hukatika upande wa masafa ya chini, pale bamba za kapasita zinapoingiliana kabisa, kwa kuwa hapo bembea ni nzito na msukumo dhaifu haitoshi. Katika mawimbi mafupi kazi ni ngumu zaidi, hivyo valvu iliyochoka inaweza kuendelea kupokea stesheni ya karibu kwenye mawimbi ya kati huku ikiwa imekwisha kufa kwenye mawimbi mafupi. Wenye redio walisema stesheni za nje "zimefungwa". Zilikuwa zinatangaza.

Rezista za kaboni zinazopeleka umeme kwenye anodi ya osileta nazo hupanda omu kadiri miaka inavyopita, mpaka zinasomeka mara mbili au tatu ya zilivyoandikwa. Anodi hukosa volti, na msukumo hupungua. Kapasita za karatasi na nta huvuja. Pwani na kandokando ya maziwa, unyevu hula nyaya nyembamba za koili mpaka zinaota kutu ya kijani na kukatika ndani ya nta, mahali pasipoonekana. Na swichi ya kubadilishia mawimbi huchafuka: kuizungusha mara kumi na kuona redio imefufuka ni uchunguzi halali kabisa, mradi ufuatwe na kusafisha, kwani itakufa tena.

Hitilafu ya kinyume ipo pia. Redio inayopiga mluzi au yowe kwenye kila stesheni haina upungufu wa mtetemo. Inao mahali pasipotakiwa. Mrejesho umepata njia ya wizi katika vikuza vya masafa ya kati, pengine kwa kapasita iliyokauka au kifuniko cha chuma cha valvu kilichopotea. Hili ni lile yowe la California la Agosti 1912. Fundi analizima, na ana haki, maana pale ni ugonjwa. Dakika tano baadaye, katika chupa ya jirani, analitafuta kwa mita.

Redio za betri

Sehemu kubwa ya wasikilizaji wa ukanda wetu hawakuwa na umeme wa ukutani. Mfano unaojulikana zaidi wa redio iliyotengenezwa kwa ajili yao uko kwa jirani zetu wa kusini. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari ya Northern Rhodesia, Zambia ya leo, alishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya betri ya bei nafuu kwa Waafrika. Ilikuwa ya duara kwa kuwa kasha la mfano wa kwanza lilitokana na sufuria, na jina la sufuria likabaki: Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5, na betri yake shilingi 25, ikidumu takriban saa 300. Kulikuwa na valvu nne ndani, nayo ilipokea mawimbi mafupi.

Redio za betri za kipindi hicho zilitumia valvu ndogo zilizobuniwa kubana matumizi. Valvu ya osileta iliyoenea ilikuwa DK91, ambayo Wamarekani waliiita 1R5. Waya wake wa moto ulihitaji volti 1.4 tu. Anodi zililishwa na betri ya volti 90, yaani seli 60 za volti 1.5 zilizofungwa mstari mmoja ndani ya boksi la karatasi. Betri zilipochoka, valvu zote zilidhoofika, lakini osileta ndiyo iliyotangulia. Kikuza sauti kikipungukiwa na nguvu husema polepole zaidi, bado kinasema. Osileta haina nusu: msukumo ukishindwa kufidia kinachopotea, bembea inasimama. Volti 1.4 ikishuka kuelekea 1.1, stesheni hazififii. Zinakatika zote kwa pamoja, mara nyingi katikati ya sentensi ya mtangazaji, na spika inabaki na mvumo wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka 1954 Armstrong, akiwa amechoshwa na kesi nyingine, hii ikihusu uvumbuzi wake wa FM, alijirusha kutoka dirisha la nyumba yake New York. Marion aliendelea na kesi hizo na kushinda ya mwisho mwaka 1967. Mwaka huohuo wa 1954 redio za kwanza za transista zilikuwa zimeingia sokoni Marekani, na hazikukawia kufika huku na kuzisukuma za valvu nyuma ya makabati. Ndani yake bado kulikuwa na osileta, ikitetema juu ya stesheni kama ya bibi yake.

Desturi ya kuanika betri juani, ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye redio hizo za transista, inaeleweka kwa hesabu ileile. Joto huchangamsha kemikali za seli na kupandisha volti kidogo. Nyongeza hiyo haitoshi kuongeza sauti kiasi cha kuonekana. Inachohitaji kufanya ni kuivusha osileta ule mpaka wake mmoja, na betri zikirudishwa zikiwa bado na joto la jua, taarifa ya habari ya jioni inasikika mpaka pale seli zinapopoa.